Hofu Huisha Taa Zikiwashwa: Mwongozo Kamili wa Kutazama na Kuhakiki Filamu ya Kunusurika Nyikani

Filamu za watu waliopotea au kukwama nyikani zina tabia moja inayowashangaza hata watazamaji wazoefu. Mtu huketi akitarajia dubu, poromoko la theluji na mifupa iliyovunjika, naye vyote hivyo huvipata. Lakini siku tatu baadaye, akiwa anafua nguo au anasubiri basi, picha inayomrudia ni ya simu iliyolia bila kupokewa, au ya mkono uliopapasa rafu ukakosa kisu kwa upana wa kidole. Hofu huisha taa zikiwashwa. Kinachomfuata mtazamaji hadi kitandani ni huzuni, na huzuni hiyo kwa kawaida ilikwisha kupandwa kabla mhusika hajapatwa na balaa lolote, katika zile dakika za mwanzo ambazo wengi wetu bado tunatafuta mkao mzuri.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuitazama filamu ya aina hii kwa makini, kuelewa ilimgusa kwa njia gani, na hatimaye kuandika uhakiki unaosema jambo. Mifano nimeitoa katika filamu chache zinazojulikana, na kwa kuwa haiwezekani kueleza jinsi hisia inavyojengwa bila kugusa mwisho, miisho kadhaa itafichuliwa humu. Asiyependa kufichuliwa na azitazame kwanza, kisha arudi.

Hatua ya kwanza: Chagua filamu kulingana na hali yako

Watu huchagua filamu kwa kionjo chake, yaani kile kipande kifupi cha kuitangaza, na kionjo hudanganya. Kionjo huonyesha hatari. Hakionyeshi aina ya maumivu utakayobebeshwa. Kabla ya kuanza, jiulize kwanza kama filamu inahusu mtu mmoja au kundi. Filamu ya mtu mmoja, kama All Is Lost ya mwaka 2013, ambamo Robert Redford ndiye mwigizaji pekee na maneno yanayosemwa ni machache mno, humchosha mtazamaji kwa upweke. Filamu ya kundi humchosha kwa misiba mfululizo, kwa sababu kila anayekufa ulikwisha kumzoea.

Jambo la pili ni damu. Filamu ya 127 Hours, iliyoongozwa na Danny Boyle mwaka 2010, ilisababisha baadhi ya watazamaji kuzirai ilipoonyeshwa kwenye matamasha, na jambo hilo lina maelezo ya kimwili. Kwa baadhi ya watu, kuona damu au jeraha hufanya mapigo ya moyo yapungue na mishipa ya damu itanuke, shinikizo la damu likashuka ghafla, na ubongo ukapungukiwa damu kwa muda. Ukijijua una tabia hiyo, usitazame ukiwa umesimama wala ukiwa na njaa. Kaza misuli ya mapaja na mikono unapoanza kuona kizunguzungu, na kikizidi, jilaze uinue miguu. Hakuna aibu yoyote hapo. Mwili unafanya kazi yake, ila umekosea mahali.

La tatu ni msiba wako mwenyewe. Aliyefiwa hivi karibuni anaweza kuitazama filamu ya mbwa mwitu na kujikuta ameketi mbele ya filamu ya mjane. Nitalirudia hili mbele.

Hatua ya pili: Andaa sauti kabla ya picha

Wengi huhangaika na ukubwa wa skrini na kusahau masikio. Katika filamu za nyikani sauti ndiyo hubeba nusu ya kazi: upepo, barafu inayopasuka, pumzi ya mtu aliye karibu mno na kamera. Ukitazama kwa simu ndogo lakini kwa vipokea sauti vizuri vya masikioni, utapata zaidi ya yule mwenye skrini kubwa inayotoa sauti nyembamba ya bati. Zima taa, weka simu mbali, na tenga muda wa kuitazama yote kwa mkao mmoja. Filamu hizi zimetengenezwa ili mtazamaji achoke pamoja na mhusika, kwa hiyo ukiikata vipande vinne utakuwa umempa mhusika likizo tatu ambazo yeye mwenyewe hakupewa. Ukihitaji manukuu, yaani maandishi ya mazungumzo chini ya picha, yaweke. Ila zima yale yanayoeleza kila mlio, maana yatakutangulizia mlio wa mnyama kabla sikio halijausikia.

Hatua ya tatu: Mara ya kwanza, tazama bila kalamu

Usiandike chochote. Usitabiri. Usimweleze jirani yako kwamba wewe ungewasha moto kwa njia nyingine. Uchambuzi una zamu yake.

Hatua ya nne: Andika ulichohisi kabla hujasoma maoni ya mtu yeyote

Ndani ya nusu saa baada ya filamu kwisha, chukua karatasi. Ukisoma kwanza wengine walisema nini, utaanza kukumbuka hisia zao ukidhani ni zako. Andika mambo yaliyokugusa kwa mpangilio ule ule yanavyokujia moyoni, hata kama si mpangilio wa filamu, kisha panga kila jambo katika mojawapo ya mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mshtuko: kitu kimetokea ghafla, mwili ukaruka, ukaisha. Mshtuko hudumu sekunde chache, na filamu inayoutegemea peke yake husahaulika upesi. Fungu la pili ni taharuki, ambamo mtazamaji anajua hatari iliyopo na anasubiri, huku moyo ukienda mbio na misuli ikikaza kwa sababu mwili umemwaga adrenalini, kemikali inayouandaa kukabili hatari. Taharuki hudumu dakika nyingi, lakini nayo hufunguka hatari inapopita. Fungu la tatu ni simanzi. Utaitambua kwa sababu huwezi kuonyesha dakika ilipoanza. Unachoweza kuonyesha ni dakika ulipogundua kwamba ipo.

Ukimaliza, hesabu. Waandishi wengi wachanga hugundua kwamba kurasa zao zimejaa mafungu mawili ya kwanza, ilhali jambo wanalotamani kumweleza rafiki yao liko katika la tatu. Kazi yote inayofuata ni ya kulitafuta chimbuko la fungu hilo.

Hatua ya tano: Rudi mwanzo umtafute aliyeachwa

Hapa ndipo penye kiini cha mwongozo huu, nami nitakaa hapa zaidi. Karibu kila filamu nzuri ya kunusurika ina mtu ambaye hayupo nyikani. Ni mama, mke, mtoto, au mchumba. Wakati mwingine haonekani zaidi ya dakika mbili. Huyo ndiye anayeifanya baridi iwe na maana. Mtu anayeganda kwa baridi anatisha, lakini mtu anayeganda huku kuna anayemngoja anaumiza.

Tazama upya robo saa ya kwanza ya 127 Hours. Filamu inasimulia kisa cha kweli cha Aron Ralston, kijana wa Marekani ambaye mwishoni mwa Aprili 2003 alikwama katika korongo la Blue John, jimboni Utah, baada ya jiwe lenye uzito wa takribani kilo 360 kuteleza na kuubana mkono wake wa kulia. Alikaa hapo kwa siku tano na saa kadhaa, kisha akaukata mkono huo kwa kisu butu. Hakuwa amemwambia mtu yeyote alikokwenda.

Sasa angalia filamu inavyoanza. Aron yuko kwake, anafungasha kwa haraka. Kamera iko ndani ya kabati, inautazama mkono wake unaoingia kupapasa rafu. Kisu kizuri, chenye makali, kipo palepale, na vidole vinakipita bila kukigusa. Simu ya nyumbani inalia, naye haipokei. Mara ya kwanza matukio haya yanapita kama vurugu za kawaida za kijana mwenye pilika. Mara ya pili hayatazamiki kwa utulivu, kwa sababu sasa unajua kwamba kila kitu alichokihitaji kilikuwa umbali wa kidole kimoja. Wanafasihi huiita mbinu hii ya kudokeza mapema yatakayotokea kiangaza mbele, nami sina ugomvi na istilahi hiyo, ila nadhani haitoshi: kinachoangazwa hapa ni hatari na pia uzembe mdogo wa mapenzi, ule ambao kila mmoja wetu ameufanya wiki hii.

Boyle anaurudia uzembe huo baadaye, Aron akiwa tayari amekwama. Katika tukio moja anajifanya yuko kwenye kipindi cha mahojiano, anajiuliza maswali na kujijibu kwa sauti mbili mbele ya kamera yake ndogo, na vicheko vya watazamaji wa kubuni vinasikika. Mzaha unaendelea hadi swali linapofika kwenye nani anajua aliko. Hapo mzaha unakatika. Ukitaka kumwonyesha mtu jinsi ucheshi unavyoweza kufungua mlango wa majonzi, mwonyeshe dakika hizo chache.

The Revenant ya Alejandro González Iñárritu, ya mwaka 2015, inatoa ushahidi wa aina nyingine. Hugh Glass alikuwa mtu wa kweli, mwindaji aliyejeruhiwa vibaya na dubu mwaka 1823, akaachwa na wenzake wakidhani atakufa, akajikokota umbali mrefu hadi kuwafikia watu. Katika masimulizi yaliyotufikia, aliwatafuta waliomwacha, lakini hatimaye hakuwaua. Filamu ilimwongezea mwana, Hawk, kisha ikamfanya auawe mbele ya macho ya baba yake asiyeweza hata kuinuka. Kwa nini watengenezaji waongeze msiba juu ya kisa ambacho tayari kina dubu? Jibu langu ni kwamba walijua dubu hatoshi. Kulipiza kisasi kwa sababu uliachwa ni hasira; kutambaa ukiwa na mwana aliyekufa nyuma yako ni jambo ambalo mtazamaji atalibeba. Leonardo DiCaprio alipata Oscar kwa uigizaji huo, na watu walizungumza sana kuhusu ini bichi alilokula, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo dogo kuliko yote katika filamu hiyo.

Kwa hiyo katika hatua hii fanya hivi: tazama tena dakika 15 hadi 20 za mwanzo, orodhesha kila mtu, sauti, picha au kifaa kinachomfunga mhusika na watu wake, kisha mbele ya kila kimoja andika mahali kinapojitokeza tena. Kitu kikitokea mara moja tu, pengine ni pambo. Kikirudi mara tatu, umempata aliyeachwa.

Hatua ya sita: Sikiliza mahali ambapo muziki haupo

Katika Cast Away ya mwaka 2000, Tom Hanks anaigiza mfanyakazi wa kampuni ya usafirishaji ambaye ndege yake inaanguka baharini naye anakwama kisiwani kwa miaka minne. Kipindi chote cha kisiwani hakina muziki. Mtazamaji wa kawaida haligundui jambo hilo. Anahisi tu kwamba kuna kitu kimekosekana, kama mtu aliyeingia nyumbani saa ya ukutani ikiwa imesimama. Muziki wa Alan Silvestri unaingia pale mhusika anapoyapita mawimbi na kukiacha kisiwa nyuma. Ndipo tunapoelewa kwamba alichokuwa amekitamani kwa miaka yote kina bei yake, maana sasa anakiaga mahali pekee anapopafahamu. Muda si mrefu baadaye anampoteza Wilson, mpira wa voliboli aliouchora uso kwa damu yake, na watu wazima wenye akili timamu hulia kwa ajili ya mpira.

Usilichekee hilo. Lifanyie kazi. Mpira ule hauna mstari hata mmoja wa mazungumzo, lakini umepewa nafasi ambayo kwa kawaida angepewa mwigizaji: kamera inautazama kama inavyomtazama mtu anayesikiliza, na Hanks anatulia baada ya kusema, kana kwamba anangoja jibu. Kilichotufanya tulie ni ile nafasi iliyoachwa wazi. Tuliijaza wenyewe, na mtu hulilia alichokijaza mwenyewe.

127 Hours inafanya kinyume chake katika tukio la kuukata mkono. Kisu kinapogusa mshipa wa fahamu, badala ya kelele za mtu unasikia mlio mkali wa kielektroniki, unaokwaruza kama nyaya za umeme zilizogusana. Fumba macho katika tukio hilo na utagundua kwamba sikio ndilo linaloumia. Waliojificha nyuma ya viganja vyao hawakuokoka chochote.

Zoezi la hatua hii ni rahisi. Chagua tukio moja lililokugusa, lisikilize bila kulitazama, kisha litazame bila sauti. Andika kipi kilibaki katika kila jaribio. Ukiona kwamba hisia imebaki katika sauti pekee, basi uhakiki wako unapaswa kuzungumzia sauti, hata kama kila mtu anasifia mandhari.

Hatua ya saba: Hesabu siku

Andika mhusika alikaa nyikani muda gani na filamu imeutumiaje. Kisa cha saa 127 kimesimuliwa kwa muda usiozidi saa moja na dakika 40. Miaka minne ya Cast Away imepita kwa mruko mmoja wa maandishi kwenye skrini. Tazama hasa vitu vidogo vinavyorudi kila siku, kama mwanga wa jua unaoingia korongoni kwa muda mfupi asubuhi na Aron kuunyooshea mguu ili umguse. Marudio ya namna hiyo ndiyo yanayomfanya mtazamaji ahisi siku, kuliko maandishi yanayotaja tarehe.

Hatua ya nane: Chunguza filamu inavyowaacha watu wake wafe

The Grey, iliyoongozwa na Joe Carnahan na kutoka kwa hadhira pana mwanzoni mwa 2012, ilitangazwa kama filamu ya Liam Neeson kupigana na mbwa mwitu. Ndege iliyobeba wafanyakazi wa mafuta inaanguka Alaska, na waliopona wanaandamwa mmoja baada ya mwingine. Walioingia wakitaka mapambano walitoka wakinung'unika, kwa sababu filamu inakatika gizani pambano la mwisho linapoanza. Mimi nilikuwa miongoni mwao, na ilinichukua muda kukubali kwamba nilikuwa nimeona kitu adimu zaidi ya pambano.

Angalia tukio lililo ndani ya mabaki ya ndege. Mtu mmoja ameumia vibaya, damu inamtoka, anauliza kuna nini. Wenzake wanamdanganya kwa huruma, kama tunavyofanya wote. Ottway, mhusika wa Neeson, anapiga magoti, anamwambia kwa upole kwamba anakufa, kisha anamtaka amfikirie mtu anayempenda na amwache huyo ampeleke. Hakuna muziki mzito unaomsukuma mtazamaji alie. Kuna nyuso za wanaume waliozoea matusi, sasa zikiwa zimenyamaza, na pumzi inayopungua. Linganisha tukio hilo na vifo katika filamu nyingi za vita au za mapigano, ambapo anayekufa hupewa maneno mawili ya kishujaa, kisha hadithi ikaendelea.

Baadaye Diaz, mkorofi wa kundi, goti likiwa limeharibika, anaketi kando ya mto unaotazamana na milima na kusema hatembei tena. Wenzake hawamburuti. Wanatajiana majina yao ya kwanza, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya katika muda wote huo, wanapeana mikono, na wawili wanaondoka. Kamera inabaki naye. Tunasikia kitu kinakaribia nyuma yake, na hatukioni. Mwongozaji angeweza kutuonyesha meno. Alichagua kutuonyesha mtu anayetazama mto.

Na yule aliyeachwa? Katika filamu nzima Ottway anamwota mke wake akiwa amelala kando yake, nasi tunadhani mke huyo alimwacha. Mwishoni kamera inasogea kidogo tu na kuonyesha dripu ya hospitali juu ya kitanda. Kila tukio la nyuma linabadilika maana papo hapo, likiwemo lile la mwanzo ambapo tulimkuta akiwa na bunduki mdomoni. Wapo watazamaji wanaolitazama tukio hilo wakimkumbuka Natasha Richardson, mke wa Neeson, aliyefariki Machi 2009 baada ya kuanguka kwenye theluji akijifunza kuteleza. Unapoandika, tenganisha mambo hayo mawili: unaweza kusema kwamba ulimkumbuka, lakini usidai kwamba unajua mwigizaji aliwaza nini.

Society of the Snow ya J. A. Bayona, ya mwaka 2023, inakwenda mbali zaidi. Inahusu ndege ya jeshi la anga la Uruguay iliyoanguka katika milima ya Andes tarehe 13 Oktoba 1972 ikiwa na watu 45, ambamo 16 waliokolewa baada ya siku 72, wakiwa wamelazimika kula miili ya wenzao waliokufa. Msimulizi wa filamu ni Numa Turcatti, kijana ambaye hakurudi. Unamsikiliza kwa zaidi ya saa moja na nusu ukiwa na uhakika usiotamkwa kwamba anayesimulia lazima aliishi, kisha anakufa, na sauti yake inaendelea. Majina na umri wa waliokufa huandikwa kwenye skrini. Kwa mbinu hizo mbili Bayona amebadilisha swali la filamu nzima: hatujiulizi tena nani alinusurika, tunajiuliza walionusurika wamewabeba nani. Kisa hichohicho kilikwisha kufanywa filamu ya Kiingereza, Alive, mwaka 1993. Kwa anayetaka kujifunza kuhakiki, sijui zoezi bora kuliko kuzitazama mbili hizo katika juma moja.

Kwa kila kifo katika filamu unayoihakiki, andika nani anazungumza, nani ananyamaza, kamera iko karibu kiasi gani, na sekunde ngapi zinapita kabla hadithi haijaendelea. Zihesabu kweli, kwa saa.

Iwapo filamu imekukaa vibaya

Usiku wa kwanza, picha kurudi akilini ni jambo la kawaida. Zungumza na mtu, tembea, kula, na usiitazame mara ya pili kwa kazi ya uhakiki mpaka ipite siku moja au mbili. Tukio likiendelea kukuamsha usingizini kwa majuma, huenda limegusa jambo lililokuwapo kabla ya filamu, na hilo linastahili kuzungumzwa na mshauri nasaha au daktari.

Hatua ya tisa: Pima filamu kwa ukweli, lakini jua unapima nini

Mashambulizi ya mbwa mwitu dhidi ya binadamu huko Amerika Kaskazini ni nadra sana, na watetezi wa wanyamapori waliilalamikia The Grey kwa sababu hiyo. Lalamiko hilo ni halali, na mhakiki anapaswa kulitaja, maana hofu inayofundishwa na sinema hulipwa na wanyama halisi. Vivyo hivyo, taja pale filamu inapofundisha kosa la kuhatarisha maisha. Kufyonza sumu ya nyoka kwa mdomo hakumsaidii mgonjwa. Kula theluji bila kuiyeyusha huunyang'anya mwili joto unalolihitaji. Kinyume chake, somo kubwa la kisa cha Ralston ni la kawaida kiasi kwamba filamu nyingine zisingelipa nafasi: mwambie mtu unakokwenda na saa unayotarajia kurudi.

Hata hivyo, kosa la kitaalamu haliifuti hisia. Mbwa mwitu wa Carnahan wanafanya kazi ya kifo chenyewe, kinachozunguka moto na kungoja. Andika kosa katika aya yake, andika hisia katika aya yake, na usiitumie moja kuiua nyingine.

Hatua ya kumi: Andika uhakiki

Sasa una karatasi tatu au nne: mafungu ya hisia, orodha ya vitu vinavyorudi, zoezi la sauti, na sekunde za vifo. Anza na kitu kimoja kinachoonekana. Mwandishi anayeanza na "filamu hii inasisimua sana na itakugusa moyo" amemwomba msomaji amwamini bila kumpa sababu. Aandike hivi badala yake: "Simu inalia mara kadhaa katika chumba ambacho Aron yumo, naye anaendelea kufungasha, nilipoitazama filamu mara ya pili nilitamani kuipokea mimi." Sentensi ya pili haina neno "huzuni", na msomaji ameipata.

Baada ya mwanzo huo, eleza kisa kwa aya moja tu, ukisimama kabla ya nusu ya filamu. Kisha fuata uzi wa kitu kile kimoja hadi kinapojitokeza mara ya mwisho, ukionyesha kila mara kimebadilika maana vipi. Mbinu nyingine zote, kama mwanga, muziki, uigizaji na mandhari, ziingize pale tu zinapougusa uzi huo. Mwanga wa asili uliotumika katika The Revenant ni jambo la kusifiwa, lakini kama uzi wako ni mwana aliyeuawa, basi zungumzia mwanga unaomwangukia mwana, na yale machweo mengine mazuri yaache.

Ukilazimika kufichua mwisho, weka onyo mwanzoni mwa aya husika, na aya hiyo iwe na uwezo wa kurukwa bila uhakiki kuvunjika. Jaribu kwa kuifunika kwa kiganja na kusoma iliyotangulia na inayofuata. Ikiwa hazishikani, zipange upya. Mwisho, isome kazi yako yote kwa sauti, na kila mahali unapokuta maneno "inagusa", "inatisha" au "inahuzunisha", simama, urudi kwenye karatasi zako, utafute kitu ulichokiona au kukisikia dakika ile, ukiandike hapo.